Heko kwa Mfumo wa Tovuti

Vitu vingi vya ofisini hulaumiwa kwa haki: kiyoyozi kinachodondosha maji juu ya mafaili, lifti inayogoma kati ya ghorofa, mhuri uliofungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko likizo. Mfumo wa tovuti hulaumiwa kwa dhuluma. Nazungumzia ile programu iliyo nyuma ya tovuti ya wizara, benki au chuo kikuu, ambamo mtumishi huingia kwa nenosiri lake, huandika habari, hupachika picha, hubofya "chapisha", kisha humpigia kijana wa TEHAMA kumuuliza mbona hakuna kilichotokea. Umetukanwa miaka nenda rudi na hakuna aliyesimama kuutetea. Basi nasimama mimi.

Nianze na kipaji chake kikubwa, cha kuleta umoja. Katika shirika lenye watu elfu mbili, Uhasibu hawaongei na Masoko, Masoko wamenuniana na TEHAMA, na Sheria hawaongei na mtu ila kwa barua. Tangaza kwamba unatafutwa mfumo mpya wa tovuti, uone watakavyokaa meza moja kabla chai ya saa nne haijapoa. Masoko wanataka picha kubwa zinazoteleza. Rasilimali Watu wanataka fomu za maombi ya kazi. Sheria wanataka kanusho chini ya kila ukurasa. Wakaguzi wanataka mfumo ukumbuke nani alifuta nukta gani, lini, na kwa idhini ya nani. Mkuu wa kitengo kimoja anataka ramani. Hajui ya nini, ila aliiona mahali. Hakuna ombi linalokataliwa, maana ukimkatalia mwenzako leo, kesho atakukatalia wewe. Orodha inakua hadi mistari mia tatu, yote imeandikwa "lazima", na safu ya "ikiwezekana" inabaki tupu kama ilivyochorwa. Yupo mtu mmoja ambaye angeweza kuwaambia kwamba kazi yenyewe ni mambo manne, yaani kuandika, kusahihisha, kuweka picha na kufuta. Ndiye anayepandisha habari kila siku. Hakualikwa. Yuko mezani kwake anagombana na mfumo wa zamani.

Kabrasha likitoka kwenda kwa wazabuni, unaonekana ukarimu. Je, mfumo unaweza kuunganishwa na ule wa mishahara? Ndiyo. Je, unaweza kutafsiri kurasa wenyewe? Ndiyo, kwa moduli ya ziada. Wazabuni wote wanajibu "ndiyo" mara mia tatu, kamati inatoa alama hadi desimali ya pili, na mshindi anampita anayemfuata kwa tofauti ambayo ingeweza kuzaliwa na kosa moja la kujumlisha. Kinachoamua ni siku ya maonyesho. Kijana nadhifu anafungua tovuti ya duka la kubuni linalouza kahawa, anavuta kisanduku kutoka kushoto kwenda kulia, kisanduku kinakaa, na chumba kizima kinashusha pumzi. Hakuna anayemwambia apakie taarifa ya mwaka ya kurasa mia mbili, yenye majedwali yaliyolala ubavu, iliyoskaniwa kwa mashine ya masjala. Mgeni hafanyiwi hivyo.

Wala msidhani namsifu asiye na ukoo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya Vignette ya Austin, Texas, iliuza mfumo wake kwa leseni za laki kadhaa za dola, na makampuni makubwa yakapanga foleni. Interwoven ilishindana nayo kutoka California. Kule Basel, Uswisi, ilikuwapo kampuni ya Day. Mwaka 2009 Vignette ikanunuliwa na Open Text kwa takriban dola milioni 310. Mwaka huohuo Interwoven ikachukuliwa na Autonomy ya Uingereza, na mwaka 2011 Autonomy ikamezwa na Hewlett-Packard kwa takriban dola bilioni 11. Mwaka uliofuata Hewlett-Packard ikafuta dola bilioni 8.8 vitabuni kwa ajili ya ununuzi huo. Kosa halikuwa la mfumo wa tovuti, na katika kutoa sifa lazima mtu awe mkweli. Wenyewe ulikuwa tu miongoni mwa mizigo. Day ilienda kwa Adobe mwaka 2010. Kwa hiyo yule mteja makini, aliyepima hadi desimali ya pili, aliamka siku moja akakuta anamlipa mtu ambaye hakuwahi kumpa hata alama moja. Ni wapi pengine ungepata somo kama hilo la kutotegemea mambo ya dunia?

Upande wa pili wa ukoo hauna ada. Drupal ilianzia bwenini kwa wanafunzi wa Antwerp, Ubelgiji, na Dries Buytaert akaitoa kwa umma mwaka 2001. WordPress ilitoka mwaka 2003 mikononi mwa Mike Little wa Uingereza na Matt Mullenweg, kijana wa Texas mwenye miaka 19. Mwaka 2005 Joomla ilijitenga na mfumo ulioitwa Mambo, ikabeba neno letu "jumla" kwa tahajia ambayo mwalimu wa darasa la pili angeipigia mstari mwekundu. Kamati za mashirika makubwa huiangalia mifumo hii kwa wasiwasi. Cha bure hakina wa kumshtaki. Moyo hutulia tu pale mkandarasi anapoleta makadirio yake: kuusimika mfumo, kuhamisha kurasa za zamani, kufundisha watumishi, kuutunza kwa miaka mitatu. Tarakimu zikifika mahali pa heshima, wasiwasi unakwisha.

Ikulu ya Marekani ilihamia Drupal Oktoba 2009, wakati wa Obama, na wapenzi wa programu huria wakashangilia. Desemba 2017, wakati wa Trump, ikahamia WordPress. Sababu za Washington wanazijua wa Washington. Kwetu mashirikani najua moja, nayo ni sifa tupu: mfumo humpa bosi mpya jambo la kufanya kabla hajajua la kufanya. Hawezi kubadili sera kwa miezi mitatu. Hawezi kumhamisha mkuu wa masjala hata kwa miaka mitatu. Tovuti anaweza kuivunja wiki ya kwanza, akaijenga upya kwa rangi anazozipenda, na picha yake ikakaa juu kulia pembeni ya "Neno la Mkurugenzi".

Kuhusu uvumilivu, sijui kiumbe wa kuushinda. Toleo la 7 la Drupal lilitoka Januari 2011. Toleo la 8, la mwaka 2015, liliandikwa upya kiasi kwamba kuhamia huko kulimaanisha kujenga tovuti tangu msingi, yaani zabuni mpya, kamati mpya, chai mpya. Wenye tovuti wengi hawakuhama. Watunzaji walikuwa wamepanga kulistaafisha toleo la 7 Novemba 2021. Wakaisogeza tarehe, wakaisogeza tena na tena, likaagwa Januari 2025 likiwa na miaka 14. Na lilikuwa limeshaonja makubwa. Tarehe 15 Oktoba 2014 lilitangazwa tundu la usalama la hatari, na baadaye mwezi huohuo wenye mfumo wakasema wazi: tovuti ambayo haikuzibwa ndani ya saa saba tangu tangazo ihesabiwe kuwa imekwisha kuvamiwa. Saa saba! Katika shirika lenye adabu zake, saa saba hazitoshi kupata sahihi ya barua ya kuomba kuitisha kikao cha dharura.

Nimefika kwenye sifa ninayoipenda kuliko zote, ya kulinda ukimya. Mfumo uliosimikwa vizuri hauruhusu neno litoke hivi hivi. Afisa anaandika rasimu, mkuu wake anapitia, Mawasiliano wanaridhia, Sheria wanaridhia, na mwisho kuna mtu wa tano ambaye kitufe chake kiliwekwa kwa kuwa cheo chake kingeudhika bila kitufe. Akisafiri, habari inamngoja. Tangazo la nafasi za kazi linaweza kutoka likiwa safi, halina kosa la nukta, siku mbili baada ya mwisho wa kutuma maombi. Wenye haraka wanapiga picha karatasi yenye mhuri na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp, na mfumo unabaki kama jiko jipya la gesi lililopangiwa sufuria wakati wali unapikwa nje kwa mkaa. Haulalamiki. Unatunza rasimu zote.

Na hapa, wenzangu, iko hekima ambayo matusi yenu yameifunika. Shirika kubwa lina swali moja linaloliogopa: tuna nini cha kumwambia mwananchi, na nani atakaa chini akiandike? Swali hilo ni baya. Linagusa majukumu, linagusa vyeo, linaweza kufichua kwamba kurasa mia nne kati ya mia tano hazina msomaji wala mwenyewe. Mfumo wa tovuti hujitolea kusimama mbele yake. Miezi kumi na minane tunajadili mfumo, mwaka mmoja tunausimika, miaka miwili tunaulaumu, na muda wote huo hakuna anayeulizwa kuhusu maneno.

Wako waliolikabili swali lenyewe, na siwezi kuwasifu. Waingereza walipojenga GOV.UK, iliyozinduliwa Oktoba 2012 kuchukua nafasi ya tovuti za Directgov na Business Link, walianza kwa kuuliza watu wanakuja kutafuta nini. Wakafuta kurasa kwa maelfu, hata ushauri kwa wafuga nyuki haukusalimika, kwa hoja kwamba serikali si mahali mtu anapokwenda kujifunza kufuga. Waliajiri watu ambao kazi yao ni kuandika kwa ufupi, na vyombo vya kuchapishia wakajitengenezea wenyewe kufuata kazi hiyo. Taasisi zaidi ya mia tatu zikahamishiwa humo, na mwaka 2013 jumba la Design Museum la London likawapa tuzo ya ubunifu wa mwaka kwa tovuti isiyo na picha hata moja inayoteleza. Hebu fikiria mambo hayo yakiigwa: vikao vingapi vingekufa, washauri wangapi wangerudi kwao na mabegi mepesi, na Mkurugenzi angeweka wapi Neno lake?

Kwa bahati njema hatari hiyo bado iko mbali. Nafahamu shirika moja linalotafuta mfumo mpya, wa tatu, wa mwaka ujao wa fedha, na jedwali la mahitaji limeshafika mstari wa mia mbili na themanini. Tangazo la zabuni limebandikwa kwenye ubao wa mapokezi, karibu na ratiba ya walinzi, kwa sababu lile la kwenye tovuti linasubiri kitufe cha mtu wa tano.