Msumeno Usiokubali Tupa

Jana saa nne asubuhi msumeno wangu ulikwama katikati ya ubao, mbele ya babu fundi, kijana wake, wanawake watatu waliokuja kuulizia kabati, na mbuzi asiyekuwa na shughuli nyingine. Mbele hauendi, nyuma haurudi. Nikakanyaga ubao kwa mguu mmoja, nikauvuta msumeno kwa mikono miwili, ukajikunja kama bati lililopigwa na upepo. Mbuzi akaondoka. Nadhani aliona aibu kwa niaba yangu.

Ubaya ni kwamba nilikuwa nimeshatamba. Niliingia kwenye karakana ile, hapa hapa Haydom, na msumeno mpya kutoka Arusha, mpini wa plastiki ya njano, meno ya rangi ya bluu. Wa babu nikauita chuma chakavu, kwa sauti, nikidhani namtania.

Babu hakunijibu. Alichukua kabari, akaichomeka kwenye mkato, akaigonga mara moja tu. Ubao ukafunguka, ukauachia msumeno wangu. Akautazama meno yake, akanitazama mimi.

“Mwanangu, huu ni wa kukata. Wewe unapasua.”

Mimi nilidhani kukata na kupasua ni namna mbili za kusema jambo moja. Kumbe kupasua ni kufuata nyuzi za mti, na kukata ni kuzikatiza, na msumeno unajua tofauti hata kama mwenye msumeno hajui. Meno ya kupasua ni patasi ndogondogo zilizojipanga mstari: tupa imepita moja kwa moja, kila jino lina makali bapa, linachimba na kutoa punje. Meno ya kukata ni visu: tupa imeshikwa mshazari, jino hili linachanja kushoto, jirani yake kulia, na kilichobaki katikati kinadondoka chenyewe. Ukivilazimisha visu vifanye kazi ya patasi utasukuma mpaka Krismasi. Tena meno hupindwa kidogo, moja huku, moja kule, ili njia iwe pana kuliko bamba, vinginevyo mti unalibana. Mti mbichi unataka meno yaliyotanuka zaidi. Ubao wangu, ambao muuzaji aliapa umekauka, ulikuwa unalowanisha unga wake.

Nikaomba kuushika ule “chuma chakavu”. Bamba lilitoka Sheffield, Uingereza, lakini meno ya kiwandani yalishalika zamani. Babu ameyachonga upya kwa tupa ya pembetatu, jino baada ya jino, matano kwa kila inchi, na ameirudia kazi hiyo zaidi ya mara moja. Mpini wa awali ulikufa. Wa sasa ameuchonga mwenyewe kwa mzeituni wa porini, ukakaa kiganjani mwake kama kidole cha sita. Kiganjani mwangu ulikataa kukaa. Nilipopitisha vidole kwenye bamba nikagundua mgongo ni mwembamba kuliko upande wa meno. Waliolitengeneza walilisaga hivyo kwa makusudi, lisibanwe, kisha wakaligonga kwa nyundo mpaka likapata mkazo. Babu alilipiga kwa ukucha, likalia kama kengele ya kanisa. Nikapiga langu. Likasema “pwa”.

Basi nikamwomba aninolee wangu. Tupa iliteleza juu ya yale meno ya bluu kama kijiko juu ya jiwe, isiache hata alama. Yamechomwa kwa umeme kiwandani mpaka yakawa magumu kama tupa yenyewe. Yanakaa na makali muda mrefu, sikatai. Ila yakifa, yamekufa. Msumeno usiokubali tupa ni wa kutupa.

Hapo kicheko kiliniisha. Kuna mtu alikaa mezani akaamua kwamba mimi sistahili kunoa kitu changu mwenyewe. Kwamba kila meno yakiisha nirudi kwake na pesa, na nauli ya Arusha kupitia Mbulu na Karatu ni shauri yangu. Fundi wa kijijini hana cha kumjibu. Ananunua, anatupa, ananunua tena, na kila msimu mti anaoupasua unamlipa mwenye kiwanda kabla haujamlipa yeye. Hata kijana wa babu, ambaye mwalimu wake yuko hatua tatu kutoka alipo, ana wa bluu.

Babu alinipa tupa nijaribu kwenye kipande cha msumeno kibovu: kidole gumba, nyuzi tatu, na hizi si za mti. Nashukuru kwamba hospitali yetu ipo tangu 1955.

Jioni niliupeleka ule uliojikunja kwa mhunzi wa Kidatoga, mmoja wa wale wanaofua misumari kuwa ncha za mishale ya Wahadzabe, nikamwomba aunyooshe. Akaupima kwa macho, akauliza nataka mishale mingapi.