Namna ya Kulitwaa Baraza kwa Kura Chache

Kushinda uchaguzi kwa kupata kura nyingi ni kazi ngumu. Inabidi ugonge milango, usikilize wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wakilalamikia bei, useme utafanya nini, kisha urudi baada ya miaka miwili uulizwe umefanya nini. Ipo njia fupi, na jimbo la Wisconsin nchini Marekani limeionyesha hatua kwa hatua. Naiandika hapa kama mwongozo ili mpiga kura aijue, maana walioichonga walitegemea sana asiijue.

Kwanza chagua mwaka. Marekani huhesabu watu wake kila miaka 10, katika mwaka unaoishia na sufuri, na baada ya sensa mipaka ya uchaguzi huchorwa upya. Huko Wisconsin, kalamu hiyo hushikwa na wabunge wenyewe, kisha gavana hutia saini. Baraza la chini la Bunge la jimbo lina viti 99 na huchaguliwa kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo ukishinda mwaka wa sensa umejipatia nafasi ya kupanga chaguzi tano zinazofuata. Mwaka 2010 chama cha Republican kilitwaa ugavana na mabaraza yote mawili kwa mpigo.

Sasa tafuta chumba, na kisiwe ndani ya jengo la Bunge. Mwaka 2011 ramani iliandaliwa katika ofisi ya mawakili iliyo ng'ambo ya barabara, mjini Madison. Wabunge wa chama waliitwa kuziona wilaya zao za uchaguzi, na kabla ya kuonyeshwa walitia saini ahadi ya kutunza siri. Mojawapo ya rasimu ilipewa jina lenye maana ya "ya kishari". Anayegawa mipaka kwa haki hana haja ya kumfunga mwenzake mdomo, wala kuipa kazi yake jina la vita.

Ukishajifungia, fanya hesabu. Chukua wapiga kura 500 katika wilaya tano, kila moja watu 100. Wapinzani wako ni 260, wako ni 240. Umeshindwa, kwa haki kabisa. Lakini warundike wapinzani 84 katika wilaya moja, wapate ushindi wa kishindo na washangilie. Waliobaki 176 watawanye katika wilaya nne, 44 kila moja. Humo wewe una 56. Umepata viti vinne kati ya vitano, na hakuna aliyeiba hata karatasi moja ya kura. Kila kura imehesabiwa sawasawa, waangalizi wameridhika, na wengi wametawaliwa na wachache. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi katika mbinu hii: huwezi kuikamata siku ya uchaguzi, kwa sababu siku hiyo kazi ilikwisha kufanyika kitambo.

Jiografia itakusaidia kidogo, na ni haki kulisema hilo. Wafuasi wa chama pinzani cha Democratic wamejazana katika miji ya Milwaukee na Madison, kwa hiyo hata mchoraji mwaminifu angewakuta wamerundikana tayari. Kalamu ya 2011 ilichukua tofauti hiyo ya kawaida ikaifanya ukuta.

Matunda yalikuja upesi. Mwaka 2012 Barack Obama alishinda Wisconsin, na wagombea wa Republican katika baraza la chini walipata chini ya nusu ya kura za jimbo zima. Wakachukua viti 60 kati ya 99. Mwaka 2018 gavana wao, Scott Walker, aliangushwa na Tony Evers, na nafasi zote za jimbo zima zikaenda Democratic. Viti vya baraza? Republican 63. Walker mwenyewe, aliyeshindwa, alikuwa ameongoza katika wilaya 63 kati ya hizo 99. Na kabla Evers hajaapishwa, Bunge hilo hilo lilipitisha sheria za kumpunguzia madaraka, Walker akazitia saini Desemba.

Wakikushtaki, usihangaike sana. Kesi huchukua miaka, na kila mwaka unaopita wewe bado unatawala. Mwaka 2016 mahakama ya majaji watatu ilisema ramani ile inavunja Katiba. Juni 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ikairudisha kesi chini, ikisema walalamikaji hawakuthibitisha kwamba kila mmoja ameumizwa katika wilaya yake. Mwaka uliofuata, katika kesi nyingine, majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba upendeleo wa kichama katika mipaka si jambo la mahakama za shirikisho. Naamini walikosea. Kumwambia mpiga kura akalalamike kwa wabunge waliochaguliwa na ramani anayoilalamikia ni kumfungia nje na kumwachia ufunguo ndani.

Mwongozo huu una kasoro moja: majaji wa Mahakama ya Juu ya Wisconsin huchaguliwa na jimbo zima, na jimbo zima halina mipaka ya kukatwakatwa. Aprili 2023 wapiga kura walimchagua Janet Protasiewicz kuwa jaji wa mahakama hiyo, kwa tofauti kubwa. Desemba mwaka huo mahakama iliifuta ramani iliyokuwa ikitumika wakati huo, kwa kura nne dhidi ya tatu. Haikuigusa hoja ya upendeleo. Ilisoma tu katiba ya jimbo, inayotaka eneo la kila wilaya liwe limeungana, ikakuta wilaya nyingi zina vipande vilivyotengana kama visiwa.

Februari 2024 Evers alitia saini ramani mpya. Novemba, Donald Trump alishinda Wisconsin kwa tofauti ndogo, na katika baraza la chini Republican wakabaki na viti 54, Democratic 45. Awali vilikuwa 64 kwa 35. Chama kilichopata kura zaidi kimeshika baraza, kwa kiasi kinacholingana na kura zake, na wapinzani wake hawana sababu ya kusema wameibiwa.

Sensa ijayo ni 2030. Novemba ya mwaka huo Wisconsin itachagua gavana na viti vyote 99, na watakaoshinda ndio watakaoishika kalamu 2031. Mpiga kura wa huko aanze sasa kumuuliza kila mgombea ramani itachorwa na nani, katika chumba gani, na kama mlango utakuwa wazi.