Ombi Dogo Kuhusu Simu Yangu

Mheshimiwa Waziri,



Nimefurahi mno kusikia kwamba hapa Kenya leseni ya udereva na kitambulisho vinahamia kwenye simu. Sisi tuliozoea kuambiwa "rudi wiki ijayo" hatuna la kusema ila ahsante.

Nina ombi moja tu, na naona haya kulitaja. Afande akinisimamisha usiku Mtito Andei nikampa kadi ya plastiki, atasoma jina langu, aone picha yangu na aina ya magari ninayoruhusiwa kuendesha. Basi. Nikimkabidhi simu iliyofunguliwa, nimempa pia M-Pesa, ujumbe wa mke wangu, na kundi la chama ambamo tumesema mengi kuhusu serikali, yote ya kuisifu. Najua afande hatachungulia. Ila kidole, Mheshimiwa, huteleza.

Wenzetu wa Louisiana, Marekani, walioanza kutumia leseni ya simu mwaka 2018, waliandika kwenye sheria yao kwamba kumwonyesha polisi leseni hiyo si ruhusa ya kupekua simu. Na kiwango cha kimataifa cha leseni hizi, ISO/IEC 18013-5 cha mwaka 2021, hakihitaji simu itoke mkononi mwa mwenyewe: kifaa cha askari husoma kutoka kwenye simu yale tu ambayo mwenye leseni amekubali yasomwe. Hata mlinzi wa baa anaweza kuthibitisha kwamba nimetimiza miaka 18 bila kujua nilizaliwa lini. (Kwangu mimi hilo pekee linatosha kuupenda mpango huu.)

Sithubutu kukukumbusha kadi za utambulisho za Huduma, ambazo Mahakama Kuu ilizikwamisha Oktoba 2021 kwa sababu tathmini ya athari kwa data za watu haikufanywa kwanza. Wala sitaji Julai 2023, tovuti ya huduma za serikali, eCitizen, iliposhambuliwa na wadukuzi na huduma zikayumba. Nauliza tu: siku mtandao ukigoma, au betri ikinizimikia njiani, nitaandikiwa kosa gani?

Kwa hiyo naomba sentensi mbili kwenye kanuni. Simu ya dereva isitoke mkononi mwake. Na kadi ya plastiki iendelee kukubaliwa barabarani, hata kwa mwenye simu ya bei.

Wako mtiifu,
Dereva