Mradi_Mwisho_Kabisa_2

Fungua kompyuta ya mwanafunzi wa uhandisi wa programu wiki ya kukabidhi mradi, utakuta ukoo mzima wa mafaili: mradi_mwisho, mradi_mwisho_kabisa, mradi_mwisho_kabisa_2, na kitinda mimba, mradi_HUU_NDIO_WENYEWE. Kikundi kina watu watano na flashi moja, nayo ina virusi wengi kuliko kodi. Wote watano wamefaulu mada ya udhibiti wa matoleo, kwa hoja nne na mchoro. Ndiyo maana nashikilia kwamba Git, zana ya kudhibiti matoleo ya kodi, haifundishiki ubaoni, kama chapati zisivyofundishika kwa kusoma pakiti ya unga. Linus Torvalds aliiunda Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa Linux kuondolewa ruhusa ya kutumia bure BitKeeper, zana yao ya awali ya kazi hiyohiyo, na ndani ya siku chache tu ikawa inatunza kodi yake yenyewe. (Jina ni tusi la Kiingereza, na Torvalds mwenyewe alitania kwamba kaipa jina lake.) Haikuzaliwa darasani. Ilizaliwa kwa sababu watu wengi, wakiwa mbalimbali, walikuwa wakigusa kodi ileile, na hayo ndiyo masaibu ya wale watano. Wawili wakibadili mstari mmoja, Git inagoma kuamua. Inaweka matoleo yote mawili, moja juu ya jingine, kama mjumbe wa nyumba kumi aliyeletewa kesi ya mpaka: haya, elezaneni. Hapo ndipo mwanafunzi anapogundua kwamba kazi hii nusu yake ni kusemezana.

Wapo wanaosema zana hizi zinatisha, na hawajakosea. Git inaweza kumwambia mgeni kwamba kichwa kimebanduka (detached HEAD), naye akapapasa shingo. Michael Kölling na wenzake walitengeneza BlueJ, programu ya kujifunzia kuandika kodi, mwaka 1999 ili anayeanza Java asizame kwenye vitufe. Kwa muhula wa kwanza, sawa. Lakini hata BlueJ baadaye iliifungulia Git mlango. Na bando la intaneti je? Pingamizi hili ndilo jepesi kuliko yote, maana kila kompyuta hubeba historia nzima, na intaneti huhitajika wakati wa kubadilishana tu. Flashi ikitumbukia kwenye chai, zimebaki nakala tano. Umeme ukikatika usiku, kinachoweza kupotea ni kile tu ambacho hakijahifadhiwa, na asiyehifadhi tangu Jumatatu atafundishwa na TANESCO.