Mlo wa Kwacha

Tunduma, mbwa unamnunua wewe na kumchanja unamchanja wewe, lakini kumlisha wanamlisha watu wote. Malori yanayosubiri zamu ya kuvuka kwenda Nakonde yanajipanga barabarani, na madereva, wengine safari yao ni ya Lubumbashi na hawajui watavuka lini, wanapika hapohapo ubavuni mwa trela. Kinachobaki kinatupwa. Mbwa wangu anaitwa Kwacha kwa kuwa alizaliwa upande wa pili wa mpaka, na foleni ya malori anaijua kuliko wakala wa forodha.

Daktari wa mifugo aliyekuja kumchanja kichaa cha mbwa alimpapasa mbavu, akazikosa. Akanipa masharti: ugali wa dona kiasi, dagaa au nyama isiyo na chumvi, boga la kuchemsha. Vya kumfurahisha tu, kama kipande cha karoti, visizidi sehemu moja ya kumi ya mlo wake wa siku. Vitunguu marufuku, vinaharibu chembe nyekundu za damu. Chokoleti na zabibu marufuku. Mifupa ya kuku iliyopikwa marufuku, maana inavunjika vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Alipofika kwenye kahawa nilicheka. Sisi ni majirani wa Mbozi. Kahawa tunailima na kuiuza, kuinywa kwenyewe wengi wetu hatuinywi, sembuse mbwa. Daktari hakucheka.

Kilichonishtua ni mahindi. Huku kwetu gunia likiota ukungu linabadilishwa jina tu, linaitwa la mbwa, na mwenye nyumba analala akiamini hakuna kilichopotea. Kumbe ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na ini la mbwa halina ujanja wa ziada. Gunia langu nililifukia. Jirani alisimama uani kwake akinitazama, akaniuliza kama nimeanza mambo ya waganga.

Bucha ndiko nilikoaibika. Nilisimama kwenye foleni, zamu yangu ilipofika nikasema kwa sauti ya mtu mwenye hela, "Nipe pupu na utumbo kidogo, wa mbwa." Bucha zima likanyamaza. Mama aliyekuwa nyuma yangu, ambaye kumbe alifuata utumbo huohuo akawapikie wanawe supu, alinipandisha na kunishusha. "Kaka, huyo mbwa wako ana cheo gani?" Muuza nyama akakata utumbo wote, akampa yule mama, kisha akaniambia nirudi kesho. Siku hizi nikienda nasema ni wa kwangu, na napewa mapema.

Basi nikahamia kwenye dagaa. Nawaosha, nawachemsha bila chumvi, bila kitunguu, bila nyanya, nawachanganya na dona na boga ndani ya sufuria ya Kwacha, ambayo kwa bahati mbaya inafanana na sufuria zote za nyumba hii. Siku moja mama mkwe akaja kutoka Vwawa bila kupiga simu, kama ilivyo haki yake. Mama watoto alikuwa sokoni. Mimi kwa heshima ya ukwe sikai karibu na mama anapokula, kwa hiyo nilijikalia barazani, nikijifanya natengeneza baiskeli. Mara mwanangu akanijia, akaninong'oneza.

"Baba, bibi anakula chakula cha Kwacha."

Ungekuwa wewe ungeingia jikoni? Yapo maneno ambayo mkwe hamwambii mkwe, na hilo nadhani ndilo la kwanza. Kabla sijapata la kufanya, sauti ikatoka ndani, "Baba, mboga yenu haina chumvi kabisa. Kuna mwenye presha hapa?"

"Ndiyo mama. Daktari ametukataza."

Daktari wa nani, hakuuliza. Alimaliza, akakomba sufuria, akasifu lile boga. Tangu siku hiyo ukoo mzima wa Vwawa unajua kuwa mimi ni mgonjwa. Shemeji zangu wananiletea majani machungu ya kuchemsha, na ninayanywa mbele yao. Mama watoto anajua ukweli wote na amekataa kunisaidia.

Mwenye masharti yake, je? Karoti anaipokea kwa adabu, anaipeleka nyuma ya choo na kuifukia. Dagaa anakula akiwa amefungwa. Akifunguliwa anakwenda moja kwa moja kwenye malori, ambako anapewa vipapatio vya kukaanga na rosti iliyojaa vitunguu, na madereva wanampenda. Mmoja alikuja mpaka getini kunigombeza kwamba namtesa mbwa kwa njaa. Nimesimamisha uzio, na nasema bila aibu kwamba uzio umemsaidia Kwacha kuliko mapishi yangu yote: mbavu zimeanza kupapasika.

Ila bado kuna siku anachoropoka. Kwa hiyo, ndugu dereva, ukiwa kwenye foleni ya Tunduma ukajiwa na mbwa wa kahawia mwenye sikio moja lililolala, akakuangalia kama yatima, ujue ameshakula. Mifupa ya kuku ifunge kwenye mfuko ukaitupe jalalani, na yeye mfukuze arudi nyumbani.