Diwani Alisoma Jalada

Mahindi Songea yana bahati. Mkulima akivuna, anaweza kuyapeleka kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) yakapimwa na bei ikajulikana. Mwandishi wa riwaya ya kwanza hana wakala wa namna hiyo. Hulipa mchapaji, hubeba katoni zake mwenyewe, kisha huzipanga chini ya kitanda, mahali ambapo wasomaji hawapiti kwa wingi.

Wabenediktini wa Peramiho, kilomita 24 hivi kutoka mjini, walichapa vitabu tangu enzi za Mwingereza, lakini walikuwa na parokia za kuvipokea. Ben Mtobwa naye hakungoja huruma ya wachapishaji; alianzisha Heko Publishers, Dar es Salaam. Watu walinunua riwaya zake kwa kumtaka mpelelezi wake, Joram Kiango, si kwa kuwa mwandishi alikuwa na mashemeji wengi.

Mwandishi wetu anaanza na mashemeji.

Siku ya uzinduzi mgeni rasmi ni diwani, anayelisifu jalada kwa bidii, maana ndilo alilosoma. Pilau linakwisha lote. Vitabu vinauzwa kumi na viwili, vinne kati yake kwa ahadi ya mwisho wa mwezi.

ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, lakini mwandishi wetu alikuwa na haraka ya kuchagua picha yake ya nyuma ya kitabu. Mhariri naye alionekana ghali. Ndiyo maana shujaa anazikwa sura ya tatu, na sura ya saba anaoa.

Kwenye WhatsApp, toleo la pili limeshatangazwa.