Kistari Kando ya Ziwa

Kistari, yaani alama fupi inayolala katikati ya maneno mawili au mwishoni mwa mstari ulioishiwa nafasi, kina kazi mbili katika Kiingereza, kuunga yaliyo mbali na kukata lisilotosha, na kwa kuwa kazi hizo zinapingana, si ajabu kwamba kutoka Migori hadi Homa Bay kila mwenye kalamu hukitia anapojaliwa.

Jina la Homa Bay lenyewe limeonja yote. Katiba ya Kenya ya 2010, inayoitaja kaunti hiyo kuwa ya 43 na jirani yake Migori ya 44, huliandika kwa maneno mawili. Wengi huliandika Homabay. Na wachache wenye tahadhari hutia kistari, kama mtu anayefunga mbuzi wawili kwa kamba moja. Tatizo kubwa zaidi limo katika maana. Neno "bay" ni ghuba, yaani maji yaliyojipenyeza nchi kavu, lakini hutamkwa "bei", hivyo mgeni kutoka Lamu akimsikia makanga akiita "Homa Bei! Homa Bei!" ana haki ya kuuliza ni shilingi ngapi. Homa hiyo ni jina la mlima ulio kwenye rasi ya karibu, wala haihusiani na ugonjwa, ingawa mbu wa ufuoni hawajaarifiwa. Tafsiri nayo haiokoi kitu, kwani mji huo umekaa kwenye ghuba iliyo ndani ya Ghuba ya Winam, ambayo Waingereza huiita "gulf" wala si "bay", ilhali Kiswahili huziita zote ghuba na kuendelea na safari.

Kiswahili, ambacho silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, hukatika pingili kwa pingili kama muwa wa Awendo: Mi-go-ri. (Kiwanda cha sukari cha huko Awendo kilikata "South Nyanza" bila kistari chochote kikapata Sony, kwa hiyo mtoto anayeamini kwamba sukari na redio hutoka mahali pamoja asichapwe.) Kiingereza hakina pingili. Neno "knowledge" Wamarekani hulikata "knowl-edge" kwa kufuata matamshi, na Waingereza wa zamani "know-ledge" kwa kufuata asili.

Na ichukuliwe kwamba mchoraji wa mabango, kando ya barabara ya Rongo kwenda Migori, ameagizwa kuandika "PUBLIC TOILET" kwenye ubao mwembamba kama kiuno cha nyigu. Kwa kuwa ni fundi mwangalifu, amefungua kamusi, akakata inavyoagiza: PUB- juu kabisa, kwa herufi nono za wakati rangi ingali tele koponi, kisha LIC, kisha TOI-, na LET iliyokonda pale chini. Kanuni haikuvunjwa hata moja. Hata hivyo "pub" ni baa, na abiria wa bodaboda husoma mstari wa kwanza tu, hivyo kufikia saa nane mchana mama anayetunza choo, mwenye ndoo na karatasi zake, ameshaulizwa mara nne kama bia ni baridi.

Fundi huitwa tena. Hupaka rangi nyeupe juu ya kazi yake, huandika CHOO, na nafasi inayobaki huijaza namba yake ya simu.